Fundi Viatu Aliyeimba Nje ya Hekalu

Juzi hapa Columbia Heights, huku ughaibuni tunakoishi, jirani yetu Mhindi alimsomea mjukuu wangu hadithi ya dini yao. Fundi viatu wa tabaka la chini alikatazwa kuingia hekaluni, akaimba nje mpaka Mungu mwenyewe akatoka kumkumbatia. Mjukuu akapiga makofi. Mimi nikasonya.

Hadithi hiyo niliisikia Tanga, nikiwa mdogo. Mama alikuwa akimfulia nguo mwanamke mmoja wa Kihindu. Alasiri moja, udi ukinukia na bizari ikikaangwa, mwanamke yule aliwasimulia wanawe habari za fundi huyo huku analia. Mimi nilikuwa kizingitini, maana ndani sikuruhusiwa. Mjinga mimi, nikafurahi: kumbe Mungu huwafuata waliokaa nje! Nikaimba kwa nguvu zote.

Mungu hakutoka. Alitoka yeye, mashavu bado yamelowa.

"Nyamaza! Na ondoa miguu yako michafu mlangoni kwangu!"

Mama akasimama, mikono imejaa povu. "Twende, mwanangu. Huyu anampenda fundi viatu kwa sababu hatakuja kugonga mlangoni kwake."

Akaziacha shuka za mwanamke yule kwenye beseni, na hatukurudi tena.