Siku Wanawake wa Jumuiya Walipomwogesha Mama

Juzi, nikiwa Bukoba mjini, niliwaona wanawake wa jumuiya ya kanisa wakiingia kwa mgonjwa na ndoo za maji, nikasimama pale barabarani nikiwa na machozi.

Nilikumbuka mchana mmoja nyumbani kwetu Izigo. Mama alikuwa ameugua hata majirani wakaacha kuja, na chumba chake kilinuka vidonda. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba Mungu huonyesha utukufu wake kwa njia ya kanisa. Nami niliamini utukufu ni mwanga mkali, kama ule wa bati la parokia wakati wa jua kali, na kwamba ukimwangukia mama atainuka.

Wanawake watatu wa jumuiya walipopiga hodi, nilikimbilia mlangoni. Hapakuwa na mwanga wowote. Walikuwa na sabuni na kanga kuukuu. Walimgeuza mama taratibu, wakamwogesha kwa mikono mitupu huku wakiimba kwa sauti ya chini, naye akilia kwa maumivu.

“Bibi, mbona hawakuja na utukufu?” nilimnong'oneza bibi yangu.

Bibi alinivuta kifuani. “Omwana wange, si huo unaouangalia?”

Nilidhani uzee umeanza kumchanganya. Miaka mingi ilipita kabla sijamwelewa.

Walipoondoka, mama, ambaye kwa muda mrefu alikataa kuonwa na mtu, alituomba tufungue mlango wote ili wapita njia wamsalimie. Alfajiri alikuwa ameshafariki.