Mizani ya Karatasi Zilizoharibika

Siku yangu ya kwanza kazini nilikunja karatasi mpaka vidole vikaota malengelenge, na jioni Msimamizi wa chumba cha kukunjia akazitia zote kwenye gunia la takataka mbele ya macho yangu. Hakunifokea. Alibakiza moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza kama naona namba ya ukurasa huu imekaa juu ya namba ya ukurasa wa nyuma yake. Nikasema haijakaa. Akaniambia kesho nianze upya, tena polepole. Nilirudi nyumbani nikilia, maana nilikuwa nimetoka Kiomboi na kisanduku kimoja cha nguo, na nilijua nikifukuzwa sina pa kwenda ila kurudi kulima.

Kilikuwa kiwanda kidogo cha uchapaji pale Singida mjini. Tulichapa vitabu vya risiti na kadi za harusi, lakini kazi iliyotuweka mjini ilikuwa jarida la kila mwezi la wakulima na wafuga nyuki. Lilisafiri kwa basi na kwa lori mpaka Rungwa, na huko, nilivyosikia, watu walilisoma mpaka likachakaa.

Ninyi mnaobonyeza kitufe na kusubiri, niwaeleze tulivyofanya. Karatasi kubwa inachapwa kurasa nyingi pande zote mbili, inakunjwa mara tatu, inakuwa kijitabu cha kurasa kumi na sita. Hicho tulikiita mkunjo. Mikunjo inapachikwa mmoja ndani ya mwingine, inapigwa pini mbili mgongoni, kisha inakwenda kwenye kisu, yaani mashine ya kukatia, inanyolewa pande tatu. Kunjo la kwanza likipinda kwa upana wa punje ya mchele, la tatu litapinda kwa upana wa kidole, na kisu hakina huruma, kinapita na maneno. Kazi ya mwezi mzima inaharibikia pale kwenye kunjo la kwanza.

Aliyenifundisha kukunja hasa alikuwa Zainabu, mwanamke wa Ikungi aliyekaa meza moja nami. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko yeyote niliyepata kumwona, na mdomo wake pia. Aliniambia, "Wewe Mnyiramba, unakunja karatasi kama unakunja blanketi." Akanipa kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichosuguliwa kikawa laini, akanionyesha kukipitisha juu ya kunjo mara moja tu, kutoka katikati kwenda nje. Akanifundisha kwamba karatasi ina nyuzi, na ukiikunja kinyume cha nyuzi inapasuka mgongoni, hasa kiangazi, upepo wa huku unapokausha kila kitu. Zainabu ndiye aliyenifanya mfanyakazi. Bila yeye ningerudi Kiomboi mwezi uleule.

Tukaendelea hivyo miaka mingi, mpaka akaja Meneja mpya. Karatasi ilikuwa imepanda bei na jarida lilikuwa karibu kusimamishwa. Meneja alikuwa mtu mkimya, msafi, asiyependa mzaha. Aliingia chumbani kwetu akatazama magunia ya karatasi zilizoharibika, akauliza ni za nani. Tukajibu ni za wote. Wiki iliyofuata akaleta mizani ya kuning'iniza, ile yenye mshale na uso kama wa saa wanayopimia asali, akampa kila mtu kapu lenye jina lake. Kila Jumamosi kapu la kila mmoja litapimwa mbele ya wenzake. Hakusema atakayezidi atafanywa nini. Na kwa sababu hakusema, kila mtu alijijibu mwenyewe.

Nisiseme uongo, mizani ile ilitufanya tuwe mafundi. Tulianza kuloweka magunia na kuyatundika madirishani ili karatasi isikauke ikapasuka. Zile karatasi za mwanzo ambazo wino haujakaa sawa, tulizoea kuzitupa. Sasa tukazitunza, tukajaribia mikunjo kwazo kabla ya kugusa karatasi nzuri hata moja. Tulitengeneza kwanza jarida moja la mfano, tukalipiga pini, tukalikata, tukalikagua ukurasa kwa ukurasa, ndipo kazi ikaanza. Iliyopinda kidogo tuliifungua, tukaipitishia kitambaa chenye unyevu, tukailaza chini ya ubao mzito, tukaikunja tena. Uharibifu ukashuka kweli. Jarida likapona.

Lakini kapu la Zainabu lilikuwa linajaa.

Mwanzoni alisema taa ni mbovu. Akahamia dirishani. Mikunjo yake ilikuwa sawa upande mmoja na upande mwingine imekimbia, na yeye hakuona mpaka umwonyeshe. Akawa anaangusha marundo ya wenzake kwa kiwiko, tukamcheka kwamba amenenepa. Tulidhani anahitaji miwani tu, na miwani kwetu ilikuwa kitu cha wakubwa wa ofisini. Ijumaa moja tukiwa tunakunywa chai aliacha utani. Akatuambia wote wa meza ile, kwa sauti ya chini, kwamba akipimwa kesho amekwisha, na watoto wake wanne wote wanamtegemea yeye, mume alishafariki.

Hatukujadiliana sana. Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo, wa kanisani na wa msikitini, kila mmoja alinyoosha mkono akachota konzi kutoka kapu la Zainabu akatia kwenye lake. Ndivyo tulivyolelewa, mwenzako akizidiwa mzigo unapokea sehemu, huulizi mara mbili. Jumamosi makapu yote yakakaribiana. Meneja akatupongeza, akasema chumba kimetulia. Tangu hapo ikawa desturi yetu ya kila Ijumaa, na kadiri ufundi wetu ulivyopunguza karatasi mbovu za kwetu, ndivyo tulivyopata nafasi ya kuficha nyingi zaidi za kwake. Niliona fahari, nasema kweli. Nilijiona nimelipa fadhila.

Baadaye nilihamishiwa Manyoni, kwenye tawi letu dogo lililokuwa karibu na stesheni ya reli. Mkuu wa tawi alikuwa mzee mmoja mpenda soga, na kazi yenyewe ilikuwa kufunga vitabu vya risiti na daftari za mahudhurio ya shule. Nilijifunza gundi pale, jinsi ya kuipika isiwe nyepesi ikalowesha karatasi wala nzito ikavunjika mgongoni. Kisha nikarudishwa Singida, safari hii nikiwa Msimamizi. Mzee aliyetupa karatasi zangu siku ile alikuwa amestaafu, na mizani sasa ilikuwa mkononi mwangu.

Jumamosi ya kwanza nikapima. Makapu yote yalilingana mno, na nilijua kwa nini. Nikamtazama Zainabu. Alikuwa ameketi wima, uso ameuelekeza mbele, akitabasamu kuelekea mahali ambapo mimi sikuwepo. Meneja sikumwambia. Nilimwondoa kwenye kukunja nikamweka kwenye kukusanya, kule ambako mikunjo inapachikwa kwa mpangilio, kwa sababu vidole vyake viliweza kujua kwa unene kama mkunjo mmoja umepungua. Na kweli hakukosea. Nikajisifu kwamba nimepata dawa.

Asubuhi moja nilimpelekea kikombe cha chai, nikamnyooshea kutoka ubavuni. Nikasimama pale mkono wangu umenyooka, na yeye anaendelea na kazi. Niliita jina lake. Akageuza kichwa chote kama mtu anayetazama kupitia bomba, ndipo akakiona. Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Meneja nikamweleza kila kitu, makapu na yote.

Hakupandisha sauti. Aliita dereva, akatupa gari, tukampeleka Zainabu hospitali. Daktari wa macho alimpima kwa muda mrefu, akatuambia ni presha ya macho, na kwamba ugonjwa huo unaanza kula pembeni kabla ya kufika katikati. Unazuilika ukiwahiwa. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Akauliza tangu lini alianza kugonga vitu. Nilijua jibu, nilikuwa nimelipima kila Ijumaa kwa konzi, lakini aliyejibu ni Zainabu mwenyewe, akasema ni zamani kidogo.

Tuliporudi, Meneja aliniita. Alisema, "Mama Eli, ile mizani sikuileta nimfukuze mtu. Nilitaka nione nani ana shida, nimsaidie." Mpaka leo sijui kama ni kweli. Ni rahisi kusema hivyo mambo yakishapita, na kama angelisema siku ile alipotundika mizani ukutani, labda tungemwamini. Labda pia tusingemwamini. Ila lililo wazi ni hili: karatasi zilizopinda zilikuwa zinatuambia mwenzetu anaugua, na sisi tulizigawana tukazificha.

Zainabu aliacha kazi akarudi Ikungi. Ikaja mashine ya kukunja, ambayo kabla ya kutulia ilikuwa inakula rundo zima, nikaifundisha nayo kujaribia karatasi mbovu. Kisha jarida likakoma, watu wakahamia kwenye simu, na mimi nikastaafu kwa sherehe ya soda na hotuba. Wote walisifu jinsi nilivyookoa karatasi. Nilisikiliza nimeinamisha kichwa.

Vijana wanaofungua vibanda vya uchapaji mjini hunifuata wakiuliza jinsi ya kupunguza upotevu. Nawafundisha nyuzi, unyevu, jarida la mfano. Halafu nawaambia, karatasi ikiharibika mkononi mwa mtu yuleyule kila wiki, kaa naye umuulize anavyolala, anavyokula, anavyoona. Wengine hudhani mzee ametoka nje ya mada.

Mwezi uliopita nilikwenda Ikungi kumwona. Sasa haoni kabisa. Binti yake aliniamkia shikamoo, akatuwekea uji, akatuacha. Tulizungumza mengi ya zamani, na utani wake haujapungua. Mwishoni nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kuthubutu kuliuliza, kama ingekuwa heri tungemwacha apimwe Jumamosi ile.

Alipapasa meza mpaka akapata mahali pa kuweka kikombe chake cha uji.

"Ningewachukia mpaka leo," akasema. "Wewe hasa. Lakini ningekuwa naona ulivyozeeka."