Projekta Iliyoita Senene

Nilimwita shemeji yangu kwa jina lake kavu, "Fideli!", mbele ya baba mkwe, mbele ya katekista, mbele ya majirani wa Kaisho waliokuja kuangalia maajabu, mtoto nimempakata ubavuni na mdomo wangu bado unang'aa mafuta, na baada ya jina hilo yakafuata maneno ambayo mke wa mtu hayasemi hata akiwa peke yake shambani. Aibu ninayo, sikatai, na nikimwona katekista njiani bado nageuza shingo kuangalia migomba kama vile nimeitwa huko. Lakini hasira pia ninayo, kwa sababu watu wanaisimulia habari hii kuanzia kwenye senene, wakati ilianzia dukani Kayanga, siku niliyochagua projekta.

Fideli ni kaka mkubwa wa mume wangu, Deusi. Anaishi Dar es Salaam, ana hela (za nini hasa hatujui, yeye husema tu "mambo ya mizigo"), na amejenga nyumba ya vigae pembeni ya kibanja cha migomba cha baba yao, nyumba ambayo yeye hulala siku chache kwa mwaka na sisi wa jirani tunaifagia mwaka mzima. Huko Dar mabosi wake walimfundisha gofu, na gofu ikamwingia kichwani kama pombe, akaamua Kaisho nako apate pa kuchezea, tena ndani ya nyumba. Nilidhani anatania. Akanieleza kwenye simu kwamba unatundika turubai jeupe ukutani, unasimama mbele yake, unapiga mpira wa kweli kwa fimbo ya kweli, mpira unagonga turubai unadondoka hapohapo, lakini mashine imeshauona, na kwenye picha unaendelea kuruka juu ya majani mpaka unakokwenda. "Na jioni tunaangalia filamu humohumo, mama Alinda," akasema.

Sasa sikilizeni ahadi yake, maana ndiyo roho ya jambo hili. Simu ilikuwa kwenye spika, Deusi yupo, baba mkwe yupo, wifi yangu Adela yupo. Fideli akasema: "Wewe ndiye umefika kidato cha nne, nichagulie projekta, usimamie chumba kikamilike. Kikikamilika, ufunguo ni wako. Mimi nikija nacheza, nisipokuwepo wewe onyesha filamu na mechi, kiingilio ni chako." Mimi tangu nimalize shule nimepalilia kahawa ya watu, nimechambua maharage ya watu, na kila senti nikiitaka lazima kwanza nieleze ya nini. Ufunguo ule nilipopewa niliufunga kwenye kamba nikauvaa shingoni, naoga nao, nalala nao, Deusi akanicheka eti nimevaa rozari ya gofu.

Dukani Kayanga muuzaji alinitolea projekta mbili. Moja ndogo, inafungwa darini karibu na ukuta. "Hii, dada, hata chumba kikiwa kifupi picha inajaa ukuta, na mtu akisimama mbele hakuna kivuli." Nyingine kubwa kama begi la safari. "Hii inataka ikae mbali, ila mwanga wake hata mchana kweupe unaona." Halafu akauliza swali la mtu mwenye akili: "Chumba chenu kina urefu gani?"

Sikuwa nimepima. (Niliyefaulu fizikia, niliyechora miale ya mwanga na vivuli kwa rula na penseli, sikuwa nimepima.) Nikampigia Fideli.

"Chukua yenye mwanga mkali kuliko zote! Nakuja na wageni, nisiaibike."

"Shemeji, anauliza urefu wa chumba."

"Mwambie kinatosha."

Ningeweza kusema ngoja nirudi nyumbani nipime kwa kamba, nitakuja kesho. Lakini mvua ilikuwa inajikusanya, Alinda nilikuwa nimemwacha kwa Adela, maziwa yamejaa mpaka blauzi imelowa, na nilitaka kufika nyumbani basi. Nikaelekeza kidole kwenye ile kubwa. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo, kidole tu.

Fideli akaja Novemba, mapema kuliko kawaida yake, na jioni ileile akaalika watu. Deusi alipoiwasha projekta chumbani, hata tulipoibana kabisa kwenye ukuta wa nyuma, picha ilikuwa ndogo kama dirisha la choo. Fideli akaitazama, akanitazama. "Nataka ukuta mzima." Basi ukitaka ukuta mzima kwa projekta ile, lazima uirudishe nyuma, tukairudisha, tukafungua milango miwili mipana ya kutokea uani, tukairudisha tena, mpaka ikatua juu ya meza uani, nje kabisa, inamulika kuingia ndani kupitia mlangoni. Picha ikajaa. Watu wakapiga makofi, wakakaa ndani wakitazama turubai, migongo yao mlangoni. Mimi nikabaki uani kulinda mashine.

Fideli akashika fimbo, akasimama mbele ya turubai, na kivuli chake kikatokea kwenye yale majani ya kijani, kikubwa, tumbo mbele.

"Huyu ana mimba ya gofu," katekista akasema, na watu wakacheka, na Fideli akajidai kucheka nao.

Sasa fikiria mwenyewe. Novemba. Mvua imenyesha mchana ikakatika. Giza limeingia. Halafu wewe umewasha uani taa kali kuliko zote zilizokuwa dukani. Watu wa huku tunaowasha taa za kutegea senene juu ya mabati, tunaojua kabisa senene anafuata nini, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka! Walianza wawili watatu, vivuli vyao vikapita kwenye majani ya gofu vikubwa kama mbuzi. Kisha wakamwagika. Wengine wakagonga lenzi, wengine wakaingia ndani wakatua kwenye turubai, likageuka kijani kwa kijani.

Sisi Wanyambo wa huku hatukai tukiangalia senene wanapita. Wa kwanza kusimama alikuwa baba mkwe mwenyewe, mzee anayetembea kwa mkongojo, akavua kofia akaanza kuwafagia kutoka kwenye turubai. "Leteni ndoo! Leteni ndoo, wanakimbia!" Viti chini. Mke wa jirani akavua kilemba. Katekista akapanda juu ya meza ya soda. Fideli yuko katikati na fimbo yake, anapiga kelele, "Jamani turubai! Turubai la watu!" na hakuna anayemsikia, majirani wengine nao wameona mwanga kutoka mbali wanaingia na magunia, wanamsalimia "habari za jioni, bosi" wakimpita kwenda ukutani.

Tungeishia hapo, ningekuwa leo nacheka. Lakini Fideli alikataa gofu yake kushindwa na wadudu. Akasubiri wimbi lipungue, akabembeleza watu mmoja mmoja wakae, na kila mtu akakaa na senene wake mapajani, baba mkwe na kofia yake imejaa, ameifunika kwa kiganja. Mimi nikarudi uani, kazi yangu sasa kupangusa lenzi.

Hapo Adela akatoka jikoni na bakuli. Senene wa kukaanga, waliokamatwa dakika ileile, miguu hata hajamaliza kuinyonyoa, chumvi na kitunguu.

Lazima niseme jambo hapa. Zamani huku kwetu mwanamke alikuwa hali senene. Alikuwa anawakamata, anawanyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vinauma, anawakaanga, anampelekea mume, na mume mwema anamnunulia nguo mpya. Siku hizi wengi hawajali, lakini nyumbani kwa baba mkwe hilo ni sheria, na mimi tangu niolewe nimekuwa nikisema kwa sauti ya upole kabisa, "Mimi senene sili, baba," na mzee akinisifia kwa wazee wenzake kwamba mkwe wake wa sekondari ana adabu kuliko wa darasa la saba. Na Adela, binti yake wa kumzaa, tunakula naye jikoni kila msimu tukiwa tumefunga mlango.

"Kula haraka, wako ndani wote," akaninong'oneza, akarudi jikoni.

Wote wananipa migongo, mimi niko gizani, bakuli ni la moto. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango, Alinda ananyonya. Mtoto akajinyonganyonga, nikasogea kidogo nimgeuzie upande mwingine. Kusogea kule ndiko kulikoniingiza kwenye mwanga, na sikujua, kwa sababu nami nilikuwa nimeinamia bakuli.  Nikasikia sauti ya katekista:

"Huyo mchezaji wa pili ni nani?"

Nikainua kichwa. Kwenye turubai, juu ya majani, alikuwepo mwanamke mweusi mrefu kufika darini, mtoto kifuani, mkono unapanda mdomoni, na katikati ya vidole miguu ya senene inaonekana mmojammoja. Nilifunga mdomo. Na yeye akafunga.

"Ni mke wa Deusi," baba mkwe akasema polepole, "au macho yangu?"

Akasimama aondoke kwa heshima yake yote, akavaa kofia.

Senene wale wote wakamshukia usoni, mabegani, ndani ya kola ya shati. Watu walicheka, jamani, walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mzee alisimama katikati anajipangusa, na alivyoniangalia sitasahau, kwa sababu hakuwa amekasirika, alikuwa kama mtu aliyekuta ameibiwa na mtoto wa nyumbani. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningemwambia mapema, jikoni, kwa magoti, angenung'unika siku mbili akanyamaza.

Na Fideli, akitafuta pa kuitupa aibu yake, akanyoosha fimbo kunielekea. "Nilimwambia achague ile ya karibu! Niliiambia hii sekondari yenu! Leta ufunguo." Deusi anaangalia sakafu. Adela yuko mlangoni mwa jikoni, mdomo ameufuta vizuri.

Hapo ndipo nikasema "Fideli!", na kwamba mwanga mkali uliutaka wewe kwa mdomo wako, na tumbo lako ndilo lililoziba picha kabla ya senene, na senene nimekula, na mwakani nitakula, na Adela atakula nami. Nikavua kamba shingoni, nikautupa ufunguo kwenye bakuli.

Hilo la kutupa ndilo ninalojutia kuliko matusi. Fideli aliuokota, akaupangusa mafuta, akaondoka nao Dar.

Kwa hiyo nimekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikapiga magoti nikamwamkia, akaniuliza namlalamikia nani na kwa lipi, akasema nieleze taratibu aandike. Nikasema hivi: Mimi, mke wa Deusi, namlalamikia shemeji yangu Fideli, aliyeniahidi chumba mbele ya mashahidi, akaninyang'anya baada ya kazi kuisha. Mlalamikaji anakiri kwamba hakupima chumba, na akirudishiwa ufunguo atapima kwa kamba kabla ya kununua hata balbu. Anakiri kumwita mkubwa wake kwa jina, na yuko tayari kupeleka rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa baba mkwe na kuomba radhi kwa magoti. Kuhusu senene, mlalamikaji hakatai, aliwala. Anaomba tu suala la senene lisichanganywe na suala la ufunguo.