Meli ya Maboksi Kule Umbilo

Enzi zetu kule Umbilo, Durban, sisi watoto wa Kikongomani hatukucheza kwenye simu. Tulicheza na maboksi. Papa alikuwa fundi wa simu sokoni Warwick, na siku moja alirudi na kitabu chakavu cha meli ya kivita ya Marekani, South Dakota. Mimi na mdogo wangu Grâce tukakata maboksi ya viatu, tukavingirisha karatasi zikawa mizinga tisa, mitatu kwa kila mnara, huku sombe, yaani kisamvu, ikichemka na nyumba nzima ikinukia mawese. Vijana wa leo ukiwapa boksi wanauliza ndani kuna nini.

Papa alitueleza zile picha utadhani meli aliijenga yeye. Walioibuni waliifanya fupi makusudi, ili chuma cha kuikinga kiwe kinene. Injini na baruti vikawekwa katikati, nyuma ya chuma hicho. Ncha zikaachiwa chuma chembamba. Vitani huko Pasifiki ilipigwa makombora mfululizo, umeme ukazimika, lakini katikati hapakutoboka, ikarudi kwao. "Mulinde katikati," alipenda kusema, "ingine yote iharibike."

Kisha zikaja zile siku za wenyeji kuwafukuza wageni. Mnazikumbuka. Papa akatoa amri: nje ya mlango wetu Kiswahili marufuku, hata kwenye ngazi za ghorofa, ni Kizulu tu, watu wasijue kwamba sisi ni wageni. Niliogopa hata kukohoa, nikidhani hata kikohozi changu ni cha Kikongomani.

Mchana mmoja tukasikia makelele barabarani na vioo vikivunjika. Papa alikuwa bado Warwick, simu yake haipatikani. Mama akatuingiza kwenye korido ya ndani isiyo na dirisha, akaegesha magodoro huku na huku. Grâce akaikumbatia meli yetu. Nilielewa bila kuambiwa kwamba sasa katikati ni sisi. Lakini Papa alikuwa nje, hana chuma chochote.

Mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Vulani! Vulani!"

Fungueni, kwa Kizulu, sauti ya mwanamume anayehema. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja kilicholowa jasho. Huko chini vishindo vya watu vikaanza kupanda ngazi. Yule mgongaji akapaza sauti jengo zima likasikia:

"Mama Esther, fungula! Ni miye! Batoto yangu, musiogope, ni papa yenu!"

Esther ni mimi. Papa alikuwa ameita kwa Kizulu akitii amri yake mwenyewe, nasi kwa Kizulu hicho hicho tulikuwa tumemdhani adui, tukamfungia nje. Mama akaruka magodoro, akamvuta ndani, akafunga. Vile vishindo vikapita mlangoni petu, vikaendelea juu. Walikuwa majirani tu, nao wakikimbilia kwao. Papa akaanguka sakafuni, akaikalia meli yetu ikabondeka, na hakuna aliyeililia.

Siku hizi watoto wa Grâce wanaongea Kizulu kuliko Wazulu wenyewe. Wanamcheka babu yao lafudhi, wanapiga kelele kwenye ngazi kwa lugha yoyote wanayotaka, na mimi nawaonea wivu. Nakumbuka sana yale maboksi na ile harufu ya mawese. Lakini wakija kwangu wakagonga, "Vula!", huku wakicheka, mimi mtu mzima nasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa, nikingoja kwanza neno moja la Kiswahili.