Vizazi Vinane Kaburini kwa Adamu

Wakati wa vita baba yangu alipenda sura moja ya Mwanzo ambayo wahubiri wengi huiruka: ile ya wazee walioishi karne nane, karne tisa. Aliisoma Jumapili alasiri sebuleni kwetu, mtaa wa Jabe, kwa sauti ya mtu anayekula kitu kitamu. Fulani akaishi, akazaa wana na binti, akafa. Nje watu walikuwa wanaharakisha kufunga milango kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Ndani kwetu watu walikuwa wanafikisha mia tisa bila kukimbia popote.

Mimi nilitoka chuo kikuu na maelezo ya kila kitu. Nikamwambia huenda miaka ile ilikuwa miezi, au ni namna ya kale ya kuwapa wazee heshima.

"Wenye kupunguzia watu miaka tuko nao wengi mu huu muji," alinijibu, "na hawakusoma. We ulienda université kwa sababu ya hiyo?"

Nikamfunulia ukurasa uliofuata, kwa kuwa nilimhitaji. Nilikuwa na mchumba, mwalimu wa hesabu, na mahari ilikuwa imepokelewa kwao. Lakini kaka mkubwa wa baba alikuwa amefariki huko milimani kwa ugonjwa wa kawaida, jambo ambalo siku zile lilikuwa karibu bahati, na kwetu familia iliyo matangani haioi wala haiozeshi. Sharti ukoo ukutane, wafiwa wanyolewe, maneno yasemwe, matanga yaondolewe. Ukoo wetu ulikuwa umetawanyika: wengine kambini Tanzania, wengine Kongo, wengine hatukujua. Baba alisema tutawangoja wote. Ndevu zake zilifika kifuani.

Mwaka ukapita, mwingine ukaanza kuzeeka. Nilijifariji kwamba Noa alipata watoto akiwa na miaka mia tano. Mchumba wangu aliposikia faraja hiyo alisema Noa hakukutana na shangazi zake yeye, wanaouliza kila wiki harusi ni lini.

Jumapili moja alikuja na sufuria ya isombe, mboga ya majani ya muhogo, akakuta baba yuko katikati ya sura yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba Biblia na kalamu, akawa anaandika pembeni mwa gazeti la zamani. Nilidhani anasahihisha kazi za wanafunzi.

"Baba," akasema, "siku Adamu anakufa, baba ya Noa alikuwa mutu muzima. Na bote ba katikati walikuwa wanaishi. Vizazi munane."

"Munane?" Baba alivaa miwani. "Yote kwenye kaburi moja?"

"Apana, si bote. Kaini alishakimbia zamani, hakuna mwenye alijua iko wapi. Na Noa alikuwa hajazaliwa. Kama wangengojea Kaini arudi ndiyo waondoe matanga, baba ya Noa angeoa lini?"

Baba alipitisha kidole kwenye hesabu ile.

"Na siye tungekuwa wapi?"

"Mu maji, Baba."

Alicheka hadi akakohoa, nami nikamletea maji bila kuona kilichochekesha. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini aliipenda sura ile. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba maisha marefu kiasi kile yalimpa babu nafasi ya kumshika mkono mjukuu wa mjukuu wake. Baba hakuwa akiona wivu wa miaka. Aliona wivu wa umati ule.

Aliwaita ndugu waliokuwepo mjini waje kuondoa matanga. Walitosha uani, viti vikabaki. Kinyozi wa jirani akamnyoa, na chini ya ndevu tukakuta kidevu kidogo, cheupe kidogo, kama cha mtu mwingine. Akasimama kusema.

"Wenye hawako, siku watafika tutalia nao tena. Mungu aliwapa wale wa zamani miaka mingi ya kulia na ya kuoa. Siye atupe hata ya kufanya yote mbili."

Kisha akaomba soda, akakaa, na kabla chupa haijaisha siku ya harusi ilikuwa imepangwa.