Besi ya Kukanyagia

Kwa miaka mingi mama yangu aliamini kwamba kwenye bendi sipigi chochote. Mimi ni mpiga besi wa bendi ya harusi hapa Kakamega: gitaa moja, waya mmoja, amplifaya moja, basi. Akitoka harusi tuliyopiga atamsifu mwimbaji, atamsifu wa kinanda, atamsifu hata yule anayenyoosha nyaya, kisha ananigeukia mimi. "Na hiyo yako ilikuwa imewaka kweli?" Nilikuwa nacheka, lakini iliniuma. Mtu unataka mama yako akusikie.

Kwa hiyo dada yangu mdogo alipotangaza kuolewa, nikaapa kwamba siku hiyo nitasikika. Nilinunua pedali tatu, vile visanduku vya kukanyaga vinavyogeuza sauti ya gitaa. Kimoja huikwaruza, kimoja huivimbisha, na kimoja huirudiarudia kama mwangwi. Nilivifanyia mazoezi nyumbani mpaka mke wangu akahamia jikoni na simu yake.

Harusi ilikuwa kwetu Navakholo. Kule bibi harusi haingii hemani kwa kutembea tu. Mama yake na masenge, yaani shangazi zake, humtangulia wakicheza kwa mabega, hatua fupifupi, naye huwafuata kwa mwendo wao. Wakisimama, anasimama. Hata mshereheshaji mwenye mdomo mrefu hathubutu kuwaharakisha.

Walipoanza kuja, nikawasha pedali zote tatu. Loo, nilijiona fundi! Noti moja ilitoka, ikavimba, ikarudi, ikarudi tena. Mpiga ngoma alinikata jicho, nikadhani ni wivu. Nilipoinua kichwa, mabega ya masenge yalikuwa yamevurugika, huyu anafuata ngoma, yule anafuata mwangwi wangu. Mama akasimama katikati ya uwanja. Wote wakasimama. Dada yangu akabaki juani ndani ya shela, jasho likimtoka, na wageni wakaanza kunong'onezana.

Mama akakatiza nyasini moja kwa moja mpaka jukwaani.

"Baba, hiyo ni nini unapiga?" Huniita baba hata akikasirika.

"Ni besi, mama. Leo si unaisikia?"

"Nasikia kelele. Ile yako iko wapi? Ile ya kila siku, tunakanyaganga juu yake?"

"Si husemanga huisikii?"

"Masikio haisikii. Ni miguu inajuanga. Leo miguu imekosa. Haya, weka ile, mtoto anaungua na jua."

Nikachomoa waya kwenye pedali, nikauchomeka kwenye amplifaya bila kitu katikati. Mama akarudi mbele ya masenge, akanipa mgongo. Nikapiga ile ya kila siku, noti nzito, chache, kila moja mahali pake. Mabega yakapatana tena. Dada yangu akaanza kuja.

Sikuwa nimewahi kuitazama miguu ya mama nikipiga. Kila nilipoweka noti, aliweka mguu, tena bila kugeuka kunitazama. Furaha ilinijaa. Nikataka kuhakikisha. Nikachelewesha noti moja makusudi, kidogo tu.

Mguu wake ukaningoja hewani.