Mistari Kumi na Minne

Jina lake halisi sisi wa bendi tulishalisahau. Tunamwita Nusu, kwa sababu ukimwomba akuongezee sauti anazungusha kitufe nusu ya nusu, kisha anauliza, "Inatosha?" Mimi napiga tarumbeta na nimegombana naye sana kwa ubahili huo. "Haba na haba, ndugu yangu," ananijibu, basi yamekwisha.

Siku za kazi anatengeneza redio na pasi kwenye kibanda kilichopakana na kinyozi. Mteja akianza kumweleza ubovu ulivyoanza, anamkatiza: "We niachie tu." Jumapili asubuhi anakuja kwenye ghala la magodoro tunakofanyia mazoezi. Tunapiga ska, muziki wa Kijamaika wa mwendo wa haraka. Gitaa linadokoa, ngoma inakimbia, halafu wapulizaji watatu, tarumbeta, saksafoni na tromboni, tunaingia kwa kishindo. Watatu lazima tusikike kama mtu mmoja, na hapo ndipo penye kazi ya Nusu. Kila mpulizaji ana maiki yake na kitufe chake kwenye mixa, mashine ya kuchanganyia sauti. Kila kitufe amekizungushia karatasi ya gundi, na akipata sauti inayofaa anachora mstari mdogo wa penseli pale kilipoishia, ili wiki ijayo asianze kuhangaika upya. Tulimcheka kwa mistari hiyo mpaka tukachoka.

Mpiga tromboni alikuwa kaka yake mkubwa, mtu wa vicheko, asiyejua kunong'ona. Amefariki miezi miwili sasa. Mapafu. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa na zaidi ya mwaka, na kwamba angewahi angetibika. Msibani Nusu alipanga viti, akafunga spika, akakunja nyaya vizuri. Hakulia. Watu wakasema ana moyo wa jiwe, nami nikawakasirikia, ingawa hata mimi nilikuwa namchungulia. Alikula, alilala, alitengeneza pasi za watu. Ukimuuliza hali anasema, "Nipo." Kweli alikuwepo, kama kiti.

Jumapili moja tulipata mpigaji mpya, mwalimu wa hesabu, mama mfupi mwenye pumzi za kutosha. Onyesho lilikuwa Jumamosi, hatukuwa na ujanja. Tromboni ya marehemu aliileta mjane wake, imefungwa kwenye shuka. Akakaa juu ya magodoro kutusikiliza.

Nusu akamwekea mwalimu maiki, akaisogeza pembeni ili mkono wa tromboni ukisukumwa mbele usiigonge. Kitufe hakukigusa. Kilikuwa pale pale alipokiacha siku kaka yake alipopiga mara ya mwisho. Nikahesabu, tukaingia.

Spika zikapiga ukelele, mpiga gitaa akaziba masikio.

"Jamani samahani," mwalimu akasema. "Nimeharibu nini?"

"Hujaharibu kitu, mwalimu. Umepuliza tu," Nusu akajibu.

Nusu aliinamia mixa asiinuke. Nikaenda kuangalia. Kwangu na kwa saksafoni kulikuwa na mistari miwili miwili. Kwenye kitufe cha tromboni ilikuwa kumi na minne, imefuatana kuelekea kulia, imekaribiana kama meno ya kitana.

Mjane naye akasogea. "Shemeji, hii mistari ni ya nini?"

Mimi ningedanganya. Mdomo nilishaufungua.

"Ya kaka," Nusu akasema. "Sauti yake ikipungua, namwongezea."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Nilidhani maiki imechoka, nikabadilisha maiki. Nikabadilisha na waya."

Shemeji yake akaugusa mstari wa mwisho. "Kila akikohoa namwambia twende hospitali. Ananiambia, mgonjwa gani anapuliza tromboni? Njoo unisikie. Nikaja nikamsikia, nikarudi nyumbani nimetulia."

Mimi nililia, sioni aibu kusema.

"Basi mshushie mwalimu," mjane akasema.

Nusu akarudisha kitufe mstari mmoja. Mwalimu akapuliza, spika zikalia. "Tena," mjane akasema. Wakaenda hivyo, mstari kwa mstari, mpaka ule wa kwanza kabisa. Hapo sauti ikakaa sawa, watatu tukawa mtu mmoja.

"Inatosha?" Nusu akauliza.

Hakuchora mstari. Tulirudia wimbo mara nne, mjane akaondoka kabla hatujamaliza, na Jumamosi tukapiga bila kosa.

Jumatatu nilimpelekea pasi yangu, haipati moto. Nilimkuta na uso ule ule, mkavu. Niliiweka mezani nikageuka kuondoka, maana namjua.

"Ngoja," akasema. Hakuishika. "Imeanza lini?"

Nikamwambia sikumbuki, labda wiki tatu.

"Kumbuka vizuri," akasema, akanivutia kiti.